Shosho Jentrix na Power Saw Yenye Kadi Yake Haikukubali Muhuri

Shosho yangu, nyanya yangu, anaitwa Jentrix, lakini Silanga yote, mtaa wetu wa Kibera, ilikuwa inamwita Mama Elvis, na kabla ya hapo Kawangware walikuwa wanamwita Mama Chapo. Hii story ni ya Januari tisini na nane. Mvua ya Elinino ilikuwa imeloesha Nairobi mpaka miti zikaanza kulala zenyewe kama walevi wa Ijumaa. Na shosho alikuwa na power saw, msumeno wa injini. Mpya kabisa. Ndani ya Kibera. Manze!

Wacha nianze na vile aliinunua, juu hapo ndio utamjua.

Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilifika. Wamama wa kanisa wenye walikula mbele yake walinunua sufuria, mwingine blanketi, mwingine akanunulia bwanake suti na bwana akahama nayo. Shosho alikuwa anauza kuni na makaa pale karibu na dam, na kila wiki ilikuwa lazima angoje mtu wa power saw aje amkatie magogo. Huyo mtu alikuwa na maringo kushinda bibi harusi. Unaambiwa anakuja Jumatatu, anakuja Alhamisi, na anataka chai kwanza. Shosho akachoka. Akaamua mtu wa power saw atakuwa yeye.

Akaenda duka ya agent huko Industrial Area na guka. Guka, babu yangu, ni Maurice Murunga, watchman huko estate ya Olympic, mpole, anapenda karatasi na mihuri kushinda pesa.

Kwa counter kulikuwa na power saw mbili. Moja ya njano, nyepesi, inang'aa, plastiki mpaka roho. Ya pili ya chungwa, nzito, imeandikwa Bergholm. Muuzaji, jamaa wa tai, akaanza kusifu ile ya njano. Shosho akaiinua na mkono moja, vile unainua kuku sokoni ujue kama unanunua nyama ama manyoya. Akairudisha. Akainua ya chungwa. Halafu akazigonga zote tumbo na kidole. Ya njano ikasema "kata." Ya chungwa ikasema "ngo," kama sufuria ya matanga.

"Hii ni chuma?"

"Hiyo ni magnesium, mama. Na ndani silinda imepakwa chrome."

"Na hii ingine?"

"Hiyo pia ni nzuri sana, inauzwa..."

"Sijakuuliza kama ni nzuri. Nimekuuliza ni nini."

"Plastiki, mama."

"Basi nipee sufuria."

Na hakuwa amemaliza. Alivuta kamba mara sita aone kama inarudi yenyewe. Alitingisha ile bar ya cheni kama anang'oa jino. Alipitisha ukucha kwa kila skurubu. Watu kwa line nyuma yake walianza kupiga makelele, mmoja akauliza kama huyu mama ananunua mashine ama anaioa.

Jamaa wa tai akawaeleza warranty. Mwaka moja, masharti mbili. Ya kwanza, kabla siku thelathini ziishe, mashine irudi kwa service ya kwanza na kadi ipigwe muhuri. Ya pili, kwa kabureta kuna skurubu mbili ndogo zimepakwa rangi nyekundu. Hizo ni za fundi wa kampuni. Rangi ikivunjika, warranty imekufa.

Guka aliposikia warranty, macho ilimtoka. Yeye alielewa hivi: ikikufa, wanakupea ingine. Jioni hiyo alikuwa kwa gate huko Olympic akiambia watchman wenzake, "Yetu haikufi. Ikikufa inafufuka."

Na kesho yake, kwa upendo mwingi tu, akachukua ile kadi ya warranty akaenda kuilaminate.

Hebu nikuelezee. Guka alikuwa na ugonjwa wa lamination. Karatasi yoyote ya maana ikiingia kwa hiyo nyumba, inalala siku moja, kesho imevalishwa plastiki. Cheti ya ubatizo, plastiki. Barua ya kuandikwa kazi, plastiki. Kadi ya kliniki ya mtoto wao Elvis, plastiki! Nesi alipotaka kuandika kilo, kalamu ikateleza, ikabidi akwaruze na msumari. Mpaka leo iko, kilo nane na nusu, imechorwa kama jina ya mfungwa kwa ukuta. Lakini Kibera hungemlaumu. Paa zilikuwa zinavuja, panya zilikuwa zinasoma kila kitu. Mtu mwenye akili alikuwa analaminate.

Sasa mashine yenyewe. Shosho aliandika Omolo awe anakata nayo. Omolo alikuwa Mjaluo mrefu wa Silanga, mikono kama makasia, mdomo haujui kupumzika. Wiki ya kwanza mashine ilikuwa inatoa moshi kama jiko ya makaa mbichi. Kwa mti laini inaenda. Ukiiweka kwa mti mgumu kama bulugamu, ule mkaratusi, inazubaa.

"Mathe, hii kitu yako iko kama bwana ya watu," Omolo akasema. "Inakunywa sana, ikifika kwa kazi inalala."

"Imefungwa vibaya," shosho akasema.

"Yawa! Nani alikufunza injini?"

Swali mzuri. Hakuna mtu alimfunza. Kabla ya kuni, shosho alipika chapati miaka tatu Kawangware, na jiko lake lilikuwa limepakana na kibanda ya Nderitu, fundi wa posho mill, mashine za kukata nyasi na power saw. Alikuwa amempa mgongo. Kazi yake ni kusukuma chapo na kusikia. Miaka tatu anasikia kila injini ikitoka hapo, na anasikia gani imerudi. Na aligundua kitu. Zile zilitoka zikipiga nduru, nduru safi ya kutoboa masikio, mwenyewe akitabasamu, zilikuwa zinarudi baada ya wiki mbili kwa mkokoteni, zimenoki, injini imekufa. Zile chache zilitoka zikinung'unika, zinakohoa kidogo ukipiga resi, ukizivutia mafuta mpaka mwisho, hizo hakuwa anaziona tena.

Alisikia pia Nderitu akilalamikia wateja kwamba mashine za nje zinatengenezwa chini karibu na bahari, hewa ni nzito. Ukizileta Nairobi juu huku, hewa ni nyembamba, petroli inakuwa mingi. Ni kama kumpea mtoto ugali ya watu wanne na jani moja ya sukuma. Lazima ufunge skurubu kidogo, upunguze ugali. Skurubu gani? Hizo mbili za rangi nyekundu.

Kwa hivyo alijua dawa, na dawa ilikuwa imekatazwa.

Alikuwa anangoja service ya kwanza ndio fundi wa kampuni azifunge, halafu Jumanne Mwalimu Wangoi akamtafuta. Huyu alikuwa na nursery school Riruta Satellite. Nyuma ya madarasa kulikuwa na bulugamu kumi na mbili kwa fence, na moja ilikuwa imeinama juu ya baby class, mizizi inachungulia nje kwa tope.

"Mama Elvis, shule inafunguliwa Jumatatu," Wangoi akasema. "Huu mti ulale Jumamosi. Ukiuangusha vizuri, hizo zingine kumi na moja ni zako. Ukishindwa, niambie mapema nimwite Kavoi wa Dagoretti, pia ako na power saw."

Miti kumi na mbili! Hiyo ilikuwa kazi ya kumtoa shosho kwa makaa kabisa. Omolo akaongezea yake. "Mathe, mimi nakupenda, lakini mimi hukula kwa mashine yenye inakata. Kavoi ameniita mara mbili."

Jumatano asubuhi, siku ya ishirini na nane, shosho na guka walibeba Bergholm mpaka Industrial Area, kwa miguu, zamu kwa zamu. Guka alikuwa amevaa koti. Akatoa ile kadi kwa mfuko wa ndani, inang'aa, akaiweka kwa counter kama mtu anaweka ekaristi.

Jamaa wa tai akaiangalia. Akachukua muhuri, akaupuliza, akapiga. Akaguza na kidole gumba. Muhuri wote ukatoka na kidole.

Akapiga tena. Ukatoka tena.

"Mzee, hii umefanya nini?"

"Nimeihifadhi," guka akasema.

"Huwezi hifadhi kabla ya muhuri!"

"Si mkate hiyo plastiki?" shosho akauliza.

"Nikikata nimeharibu kadi, mama. Kadi imeharibika si kadi."

"Basi nifanyieni service tu, muhuri tutajua baadaye."

"Bila muhuri hakuna service. Service ni muhuri."

Walai alisema hivyo. Nimeuliza shosho mara nyingi na anaapa na mkono juu.

Jamaa akawapea njia moja. Waache mashine hapo dukani. Kadi mpya itatoka Mombasa, wiki tatu. Ikifika watapiga muhuri, watafanya service, na warranty itakuwa salama mpaka mwisho wa mwaka. Lakini mashine ikitoka kwa huo mlango leo, asahau.

Guka akafurahi. "Tuiache, Mama Elvis. Wiki tatu ni nini?"

Shosho akamwangalia vile unaangalia mtu amekaliwa na kuku. "Wiki tatu ni miti kumi na mbili, Baba Elvis."

Akainua mashine, akaweka begani, akatoka. Guka alibaki kidogo kwa counter, anapapasa ile kadi, halafu akamfuata. Hapo karibu na Nairobi West guka alijaribu kubeba, akakatazwa.

Ijumaa shosho alitembea peke yake mpaka Kawangware kwa Nderitu.

"Ngai fafa, Mama Chapo!" Nderitu akapiga kelele. "Umerudi? Tangu uende tunakula chapati ngumu kama sahani ya bati!"

"Sijaleta chapo. Nimeleta hii."

Nderitu akaipiga na kidole, hata yeye, "ngo," akatingisha kichwa. Akafungua kifuniko cha juu, akaona zile skurubu mbili. Akarudi nyuma.

"Iko na warranty bado. Nikiguza hapa, ikikufa utamlilia nani?"

"Lete bisibisi."

"Mama Chapo..."

"Nderitu, miaka tatu umeosha mikono na maji yangu. Lete bisibisi."

Shosho akaichukua mwenyewe, akaweka ncha kwa rangi, akasukuma. Ikapasuka kidogo tu, kama kipande cha lipstick imekauka, ikaanguka kwa vumbi. Warranty ikafa hapo.

Hapo Nderitu akashika kazi. Akavuta kamba, mashine ikaamka na moshi. Akaanza kufunga skurubu. Moshi ikapungua. Akafunga tena. Sauti ikapanda. Watu wakaanza kusimama njiani. Akafunga tena na akapiga resi mpaka mwisho, na Bergholm ikatoa nduru, wiiiiiii, mbwa za Kawangware zikajibu. Jamaa wa viatu ng'ambo akapiga makofi.

"Umesikia hiyo nguvu?" Nderitu akacheka.

"Fungua," shosho akasema.

"Eti?"

"Hiyo si nguvu, inalia kiu. Fungua robo."

"Mama, wateja hupenda hivi! Ikinung'unika wananiambia sijafanya kazi."

"Na wakirudi na mkokoteni wanakuambia nini?"

Watu wakacheka. Nderitu akakasirika kidogo, mtu amefunza vijana kumi ufundi, sasa anafunzwa na mama wa chapati mbele ya jamaa wa viatu. Akampa bisibisi. "Haya. Fundi ni wewe."

Shosho akaipokea. Akainamisha kichwa, akafunga macho, na wale watu wote wakiangalia, akaanza kufungua. Polepole. Ile nduru ikavunjika kidogo juu, ikaingia mkwaruzo, brrr-brrr, kama mzee anasafisha koo kabla ya kuongea. Hapo akaacha. Akazima. Nderitu, bila kuambiwa, akatoa plagi aangalie. Haikuwa nyeusi ya masizi, wala nyeupe ya kuungua. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akaiangalia muda mrefu, akairudisha, akasema tu, "Nunua tusai mzuri, ile oil ya kuchanganya na petroli, usiweke ya kupikia samosa." Na hakutaka malipo.

Jumamosi, Satellite. Tope mpaka kwa kifundo. Wangoi alikuwa amesimama na mwavuli, wazazi watatu wamekuja kuangalia, na Kavoi mwenyewe alikuwa amekuja "kusalimia," na power saw yake imelala kwa mkokoteni hapo nje ya gate. Mtu wa heshima sana, Kavoi.

Omolo akavuta kamba. Bergholm ikaamka. Akapiga resi, brrr-brrr.

"Mathe, hii inakohoa! Imeshika homa!"

Kavoi akacheka kwa sauti. "Mama, hiyo ni mashine ama ni mgonjwa wa kifua? Peleka hospitali, nitamalizia hapa."

"Weka kwa mti, Omolo," shosho akasema.

"Na ikizima katikati, mti ukae hapo nusu?"

"Weka kwa mti!"

Omolo akaweka. Na manze, meno ziliposhika bulugamu, ule mkwaruzo ukapotea wote. Sauti ikawa moja, nzito, imenyooka, na vumbi ya mti ikaanza kuruka kama unga imemwagwa kwa feni. Omolo alishtuka mpaka akacheka. Akakata kabari mbele, akazunguka nyuma. Watu wakavuta kamba iliyofungwa juu ya mti wakielekeza kwa kiwanja. Bulugamu ikasema krrr, ikafikiria kidogo, ikalala. Haikugusa baby class. Iligusa choo ya walimu, lakini hiyo choo, Wangoi mwenyewe alisema, ilikuwa inangoja tu sababu.

Kavoi hakungoja chai. Akasukuma mkokoteni akaenda.

Wewe sasa unafikiri shosho alishangilia. Wapi! Wazazi walikuwa wanapiga makofi, guka alikuwa amefika kutoka zamu ya usiku na anaelezea watu vile mashine ni magnesium, lakini shosho alisimama pale pale kwa tope, mikono nyuma, anasikiliza. Juu kuangusha ni dakika kumi. Kupasua magogo ndio kazi yenyewe, masaa na masaa, na hapo ndio injini iliyofungwa vibaya hukufa. Na kama angekuwa amekosea hiyo robo, hakukuwa na duka, hakukuwa na kadi, hakukuwa na mtu wa tai. Wangoi alimletea chai na mandazi, shosho akasema weka hapo. Chai ikaota ngozi.

Dakika kumi. Sauti iko sawa. Dakika ishirini. Omolo anapasua gogo la tatu, jasho inamtoka, hata mdomo umenyamaza.

Halafu sauti ikapanda.

Hivyo tu, bila sababu. Ikatoka kwa ile nzito, ikapanda, ikapanda, wiiiiiii, ile nduru yenyewe, ile ya mkokoteni. Shosho akaanza kukimbia. Alianguka mara moja kwa tope, akaamka. "Zima! Omolo, zima!" Kabla Omolo aguse kitu, mashine ikajizima yenyewe. Kimya. Unasikia tu maji inatiririka kwa mtaro.

"Mimi sijafanya kitu, mathe," Omolo akasema, ameishika kama mtoto wa watu amemfia mikononi. "Walahi sijafanya kitu."

Guka akafika akihema. Akafungua mdomo, na unajua kabisa ile neno ya warranty alikuwa anataka kusema. Shosho akamwangalia.

Shosho akachukua mashine akaiweka kwa gogo. Akavuta kamba polepole, pole sana, asikie kama pistoni imeshikana. Kamba ikaja. Laini. Akavuta tena. Laini. Hapo akasimama, akafikiria, na akafungua kifuniko ya tanki. Akachungulia. Akaingiza kidole mpaka mwisho. Kikatoka kikavu.

"Omolo."

"Naam, mathe."

"Ulijaza mpaka wapi?"

Omolo akakuna shingo. "Nusu. Nilisema ikikufa mapema, petroli isipotee."

Manze, hiyo tanki ilikuwa inakunywa tone za mwisho, petroli imepungua hewa imekuwa mingi, ndio maana ilipiga nduru. Shosho alimtukana Omolo kwa Kiswahili, akamaliza na Kiluhya, akarudia kwa Kiluo ndio aelewe vizuri, na wakati wote anatukana alikuwa anachanganya petroli na oil kwa chupa ya juice, anatingisha, anajaza. Alijaza mpaka ikamwagika.

Akavuta. Kimya. Akavuta. Ikapiga chafya moja, ikanyamaza. Guka alikuwa ameshika kofia na mikono mbili.

Akavuta ya tatu na mwili wote, na Bergholm ikaamka, ikatema moshi kidogo, ikatulia. Akapiga resi, mpaka mwisho, na sikio limeinama.

Brrr-brrr. Inakohoa.

Akamrudishia Omolo, akakaa kwa gogo na nguo yote tope, akaitisha mandazi.